Ziwa letu linaumwa, nani atalisemea?

Siku chache zilizopita walitujia vijana sita wa hapa jijini Mwanza, wanne wa kiume na wawili wa kike, baada ya sala ya Alasiri. Mikononi walikuwa na karatasi, baadhi zimeandikwa kwa kalamu na baadhi zimepigwa chapa. Walikuwa wameazimia jambo jema: kuwaeleza watu wa mitaa yao habari za maradhi yanayozipata bahari na maji ya dunia. Kazi ya namna hiyo hawakuwa wamewahi kuifanya hata siku moja, na walilikiri hilo wenyewe kabla hatujawauliza. Wakatuomba tuzisome karatasi zao kabla hawajazisambaza.

Tukazisoma. Ukurasa wa kwanza ulieleza juu ya nyangumi wanaokufa huku matumbo yao yamejaa plastiki. Wa pili ulihusu matumbawe yanayogeuka meupe kwa sababu ya joto la maji. Wa tatu ulikuwa wa kasa wanaonaswa na nyavu. Hayo yote ni kweli, wala hatukuona kosa katika maelezo yake. Lakini tulifika mwisho bila ya kumkuta sangara, wala dagaa, wala gugumaji, wala Mto Mirongo unaopita karibu na nyumba za baadhi yao. Tukawauliza kama kuna yeyote kati yao aliyepata kumwona nyangumi. Wakacheka. Binti mmoja akasema kwa adabu, "Shikamoo tena mzee. Hayo ndiyo tuliyoyakuta yameandikwa. Ya ziwa letu hatukuyaona kwa Kiswahili."

Jibu hilo lilitukaa moyoni, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kwani ni jambo la ajabu kwamba mtoto aliyezaliwa Kirumba, akanywa maji ya ziwa na kulelewa kwa samaki wa ziwa, ayajue maradhi ya bahari asiyoiona kuliko ya maji yaliyo mlangoni kwake. Lawama si yake. Watafiti wameliandika ziwa hili kwa miaka mingi, tena kwa undani mkubwa, ila wameliandika kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, katika majarida ambayo hayafiki mwaloni.

Basi na tuanze na ziwa lenyewe lilivyo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Asilimia 51 ya eneo hilo ni ya Tanzania, 43 ni ya Uganda na 6 ni ya Kenya. Mtu asimamaye ufukweni akalitazama ziwa la wazi haoni ng'ambo, na ni rahisi kwake kudhani kwamba maji haya hayana mwisho. Lakini upana wake unadanganya. Mahali penye kina kirefu kuliko pote hapazidi sana meta 80, na kwa wastani kina ni meta 40 tu, hali Ziwa Tanganyika linapita meta 1,400. Ziwa letu ni mfano wa sinia pana. Bakuli refu ni la ndugu zetu wa Kigoma.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hayaletwi na mito, bali ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa ya maji yanayotoka haipiti Jinja kuufuata Mto Nile, bali hupaa kwa jua yakawa mvuke. Sasa tafakari, ndugu msomaji. Maji yakipaa hayachukui uchafu. Samadi, udongo, mbolea, mabaki ya choo na sabuni hubaki chini. Kilichoingia leo hukaa miaka mingi. Hii ndiyo sababu tuliwaambia vijana kwamba kama kuna somo moja ambalo kila mkazi wa Mwanza anastahili kulijua, ni hili, kabla ya nyangumi na matumbawe.

Mabaki hayo ndiyo chanzo cha ugonjwa mkubwa wa ziwa, ugonjwa usio na jina zuri katika lugha yetu. Tumezoea kusema kwamba rutuba ni neema, na kwa mkulima ni neema kweli. Lakini maji yakishiba rutuba kupita kiasi huugua. Fosforasi na naitrojeni zikizidi, vimelea vya kijani visivyoonekana kwa jicho kimoja kimoja huzaana kwa wingi mno, hata maji yakawa na rangi ya mchicha uliosagwa na kutoa harufu. Vingi kati ya hivyo kwa hakika ni bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Sumu hiyo imekwishapimwa na watafiti katika ghuba yetu ya Mwanza na katika ghuba ya Winam huko Kisumu. Vimelea hivyo vikifa huzama na kuoza, na uozo huo hula oksijeni ya maji ya chini. Samaki akishuka huko hapati pumzi. Watafiti wameonyesha kwamba tangu miaka ya 1960 wingi wa vimelea hivyo uliongezeka mara kadhaa, na sehemu ya chini ya ziwa hukosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani.

Vijana wakauliza, rutuba hiyo inatoka wapi? Wao walidhani ni viwandani peke yake. Hapana. Viwanda na mifereji ya miji vina sehemu yake, na Mto Mirongo ni shahidi asiyehitaji kiapo; lakini sehemu kubwa ya fosforasi huingia ziwani kwa njia ya hewa. Mkulima akichoma shamba, mfugaji akichunga ng'ombe mahali pamoja hata ardhi ikabaki uchi, upepo huchukua majivu na vumbi na kuyamwaga juu ya maji. Mvua huyateremsha yaliyobaki angani. Kwa hiyo mtu wa Shinyanga au Bariadi, ambaye pengine hajaingia mtumbwini maisha yake yote, naye ana mkono katika rangi ya maji ya Mwanza. Jambo hili liliwashangaza vijana kuliko lote tulilowaambia, na mmoja akalipigia mstari mara mbili.

Tuje kwa samaki. Wazee wa hapa wanawakumbuka furu, samaki wadogo waliokuwa wakiuzwa kwa mafungu na kukaushwa juani. Inakadiriwa kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na idadi kubwa kati yao hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Uchunguzi uliofanyika kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wote wa samaki wanaokaa chini ya ziwa. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walipiga kambi hapa Mwanza kuwachunguza furu wa ghuba yetu. Walikuta kila aina ina chakula chake: huyu anakula konokono, yule mayai ya wenziwe, mwingine anaparura mwani juu ya mawe. Jike hulea mayai na watoto mdomoni. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya miaka yake ya Mwanza, na kimesomwa sana Ulaya na Marekani. Hapa nyumbani sijui ni wangapi waliowahi kukishika, tunaogopa kuhesabu.

Watafiti hao walikuja kuhesabu samaki, na mbele ya macho yao samaki wakatoweka. Sangara alikuwa amepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960 upande wa Uganda na Kenya. Alikaa kimya karibu miaka 20, kisha akalipuka. Katika ghuba ya Mwanza wingi wake ulifika katikati ya miaka ya 1980. Aina nyingi za furu, pengine 200 au zaidi, zikapotea.

Hapo ndipo watu wengi hukomea: sangara kala furu, habari imekwisha. Sisi hatukubaliani na ufupi huo. Kwanza, katika miaka ya 1970, kabla sangara hajawa wengi, furu wa ghuba hii walikuwa wakikokotwa kwa meli na kusagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo, na mavuno yalikwishaanza kupungua. Pili, kuna jambo la rangi ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliofanywa katika visiwa vya mawe karibu nasi, ulionyesha kwamba furu jike humtambua mwenzake wa aina yake kwa rangi, bluu au nyekundu au manjano. Maji yakiwa na ukungu, rangi hazionekani. Aina mbili zilizoishi pamoja bila kuchanganyika kwa karne nyingi huanza kuchanganyika, na baada ya muda hubaki moja. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyevuliwa, na bado aina moja imetoweka kwa sababu ya uchafu tu. Baadhi ya furu walirejea kuonekana tangu miaka ya 1990, alhamdulillahi, lakini waliorejea si wote.

Wala si haki kumtukana sangara. Mzee mmoja mvuvi tuliyemkuta Kirumba Mwaloni, ambapo dagaa na samaki wakavu hupakiwa kwenda hadi Kongo, aliwasikiliza vijana wetu wakimlaani samaki huyo, kisha akawaambia, "Wanangu, huyo mnayemtukana ndiye aliyenisomeshea watoto wanne." Vijana wakanyamaza. Ni vizuri walinyamaza. Anayetaka kusema habari za ziwa na hajui ziwa linamlisha nani hatasikilizwa mwaloni, hata awe na takwimu za dunia nzima. Mzee huyo huyo ndiye aliyeeleza, bila kuulizwa, kwamba sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu, bali hukaushwa kwa moshi. Na moshi unataka kuni, kuni zimemaliza miti ya visiwa, na udongo wa visiwa umeingia majini. Somo zima la mazingira alilimaliza kwa pumzi moja akiwa anashona wavu.

La gugumaji twaweza kulipitia kwa haraka kwa kuwa kila mmoja amelishuhudia. Mmea huu wenye maua ya zambarau asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 ulikadiriwa kufunika hekta zipatazo 20,000 za ziwa lote. Fukusi waliofugwa maalumu wakaachiwa waule, Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania mwaka 1997. Pamoja na dhoruba za El Nino, mmea ukapungua sana. Watu wakadhani umekwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu ya majini yalisumbua vivuko vya Kigongo na Busisi, miezi michache kabla ya daraja kufunguliwa mwezi Juni mwaka huo. Mmea huu utaendelea kurudi maadamu chakula chake, ile rutuba tuliyoieleza, kimo majini. Fukusi hula majani, hali fosforasi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote kwa mtu anayeanza kazi ya kueneza habari: habari ya maji inaweza kuponya, na inaweza kujeruhi. Mwanza tumeyaona yote mawili.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika nchi zake baada ya kuenea habari kwamba baadhi ya wavuvi wanatumia sumu. Habari hiyo haikuwa ya kuzushwa. Walikuwapo watu waliochukua viuatilifu vya pamba, hasa ile dawa iliyojulikana kwa jina la thiodan, wakazimimina majini na kuokota samaki wanaoelea. Watu walikufa kwa kula samaki wa namna hiyo. Zuio lilipokuja, bei mwaloni ilianguka, viwanda vikapunguza kazi, na mvuvi aliyetumia ndoana maisha yake yote akaadhibiwa pamoja na aliyetia sumu. Zuio liliondolewa mwaka uliofuata, na ukaguzi wa samaki ukawa mkali kuliko awali. Tunasema wazi: wengi wa waliokuwa wakiishi mwaloni waliwajua watiaji sumu kabla Ulaya haijawajua. Kama habari ingesemwa hapa mapema, kwa Kiswahili, na majirani, huenda isingehitaji kusemwa na wageni kwa gharama ile.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, ikatoka filamu ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyopigwa hapa Mwanza na kujulikana duniani kwa jina la Darwin's Nightmare. Ilipata tuzo ya César huko Ufaransa mwaka 2006 na ikawamo katika orodha ya kugombea Oscar mwaka huo huo. Ilianza na sangara aliyewala wenziwe, ikapita kwenye mapanki, umaskini na ukahaba, ikadokeza kwamba ndege zinazobeba minofu huleta silaha. Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani mwaka 2006, na huko huko Ufaransa walitokea waliohoji ukweli wake. Mabishano yakawa makubwa: silaha zilikuwapo au hazikuwapo, mapanki huliwa na watu au hulishwa kuku. Hatutaki kuyafufua hapa. Tunachokumbuka ni kwamba katika kelele zote hizo ziwa lenyewe lilisahauliwa. Hakuna aliyeuliza maji yana oksijeni kiasi gani. Filamu iliwaonea haya wengine na kuwakasirisha wengine, na Mirongo ukaendelea kutiririka kama jana.

Tulipowasimulia vijana mambo hayo mawili, kijana mmoja aliuliza swali zuri: je, kuna mahali ambapo watu wa hapa hapa waliwahi kuwasemesha watu wao juu ya maji na wakasikilizwa? Tukamtajia Misali.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Wapemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, naye akasema kisiwa hicho kilichoelekea kibla ndicho kiwe msala wake. Matumbawe yake yalikuwa yakiharibiwa na uvuvi wa pupa, ikiwemo baruti. Mwaka 1998 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi, lakini tangazo la serikali na wavuvi ni mambo mawili. Ndipo, kuanzia mwaka 1999, taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoasisiwa na Fazlun Khalid huko Uingereza, kwa kushirikiana na shirika la CARE, ilipokaa na masheikh, walimu wa madrasa na wavuvi wenyewe. Mafundisho yaliyotumika hayakuwa mageni kwa yeyote: kwamba viumbe ni amana, na israfu ni haramu hata katika neema iliyo tele. Yakaingia katika khutba na katika madarasa, kwa lugha ya watu, na wavuvi waliokuwa wakiikwepa sheria walianza kujadiliana wao kwa wao.

Hatusemi kwamba khutba ilimaliza tatizo. Mvuvi mwenye njaa na watoto sita hatashibishwa kwa mawaidha, na wapo waliosikiliza Ijumaa wakarudi kwenye nyavu haramu Jumamosi. Lakini Misali ilionyesha jambo moja la kiutendaji: anayesema akiwa anajulikana, akaanza na kitu ambacho msikilizaji anakiona kila siku, hupewa sikio ambalo bango la mradi halipewi. Makokoro yaliyochomwa hapa kanda ya ziwa katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 yaliwatia watu hofu; sijasikia mtu akisema yalimfundisha kwa nini sangara wa chini ya sentimeta 50 hafai kuvuliwa.

Vijana walikaa nasi hadi karibu na Magharibi. Nyangumi wakaondolewa ukurasa wa kwanza. Walitaka kuwafuta kabisa. Tukawaambia wawaache ukurasa wa mwisho, kwani maji ya Jinja huishia Bahari ya Kati na si vibaya mtu akajua hivyo. Plastiki ilibaki, ila badala ya tumbo la nyangumi waliweka utafiti uliochapishwa mwaka 2016: wanasayansi walinunua sangara na sato katika soko la hapa Mwanza, wakawapasua, na katika kila aina wakathibitisha plastiki ndani ya samaki mmoja kati ya watano. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, ambayo ni hatua njema, lakini chupa za maji na soda hazikuguswa na katazo hilo, na kila mvua kubwa huzileta ufukweni. Kichocho nacho kikapewa nafasi yake, kwa ajili ya akina mama wafuao na watoto waogao ziwani, pamoja na maelezo kwamba konokono peke yake haambukizi mpaka binadamu awe amejisaidia majini.

Tuliwaelekeza pia pa kuulizia. TAFIRI wana kituo hapa Mwanza, chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, na watafiti wa kichocho wapo NIMR. Tukawasisitizia jambo moja: kila wanachoambiwa wakipeleke kwanza mwaloni, wakisome mbele ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa, na kila neno litakalomfanya mtu akunje uso walibadilishe. Binti yule aliyesema hakuyakuta ya ziwa kwa Kiswahili ndiye aliyepewa kazi ya kuandika. Amekwishaanza. Ule ugonjwa wa rutuba ameuita "ziwa kuvimbiwa", nasi hatukuona jina bora zaidi.

Sehemu moja tu ya karatasi zao waliiacha wazi. Walikuwa wameandika swali kwa herufi kubwa, uchafu wa mtaa wetu unaingia ziwani kwa njia ipi, na hakuna aliyekuwa na jibu la hakika. Mmoja alisema ni mfereji wa nyuma ya soko, mwingine akakataa. Wakakubaliana wakutane Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, wavae viatu vya mpira, na waufuate Mirongo kwa miguu kutoka mitaani kwao mpaka unapoingia majini, wakihesabu kila bomba wanalolipita.